Mwongozo kamili: Kuendesha darasa la uraia barazani kwa kuifuata shida moja hadi kwa mwenye dhamana nayo

Madarasa mengi ya uraia yanayoanzishwa na wananchi wenyewe, Unguja na Pemba, hufa katika kikao cha pili. Mwendeshaji huanza kwa kusoma maana ya dola, maana ya demokrasia na mihimili mitatu ya dola. Wazee husinzia, vijana huinamia simu, na waliobaki macho huyageuza mazungumzo kuwa ubishi wa vyama. Watu hurudi majumbani mwao wakiwa bado hawajalijua lile walilolijia, yaani ni nani wa kuulizwa mfereji, yaani bomba la maji, unapokauka wiki tatu.

Simlaumu mwananchi asiyejua. Mpiga kura wa Zanzibar hupiga kura tano, huishi chini ya serikali mbili, na kiongozi wa serikali aliye karibu naye kuliko wote, yaani sheha, hakumchagua yeye. Mtoto wake husomeshwa Uraia katika sekondari kwa Kiingereza, akazikariri fasili kwa ajili ya mtihani, kisha bibi yake anapomuuliza kazi ya diwani ni ipi hana la kujibu. Kwa hiyo njia ninayoieleza hapa haianzi na fasili hata moja. Huanza na shida iliyopo mlangoni na kuipandisha, ofisi baada ya ofisi, hadi ifike kwa mtu mwenye mamlaka na fedha za kuiondoa.

## Vitu na watu wa kutayarisha

Tayarisha karatasi kubwa tatu za manila, kalamu za wino mzito za rangi mbili, vipande vidogo vya karatasi vipatavyo mia moja na themanini, gundi, na daftari la kumbukumbu lenye jalada gumu. Tafuta pia nakala mbili ambazo bila hizo ubishi hautakwisha: Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 pamoja na marekebisho yake, na Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, hasa ule ukurasa wa Nyongeza ya Kwanza unaoorodhesha Mambo ya Muungano. Zote mbili zipo kwa Kiswahili. Chapisha kurasa hizo kwa herufi kubwa, kwa sababu wazee wetu wengi hawasomi maandishi madogo na wengi wao hawatakwambia.

Watu wawe kumi na wawili hadi kumi na watano. Wakizidi hapo, wanawake na vijana hunyamaza na wazungumzaji watatu huteka kikao. Hakikisha wamo wafuasi wa vyama tofauti, mwalimu mmoja wa skuli ya karibu, na angalau kinamama watano, kwa kuwa wao ndio wanaoamka alfajiri kutafuta maji na kumpeleka mtoto kituo cha afya, na wao ndio wanaoijua shida kwa tarehe zake.

Panga vikao vinne vya saa moja na nusu, baada ya sala ya Alasiri. Kahawa na kashata zinatosha.

## Hatua ya kwanza: Mjulishe sheha, kisha chagua shida moja

Mpelekee sheha barua fupi inayotaja siku, mahali, idadi ya watu na jambo litakalozungumzwa. Hii si kumwomba ruhusa ya kufikiri. Ni adabu ya mahali petu, na pia ni kinga, kwa sababu kikao kisichojulikana hudhaniwa kuwa cha chama. Mwalike ahudhurie kikao cha tatu, si cha kwanza, ili watu wapate kwanza kusema wasiyoyajua bila haya.

Kisha waulize washiriki shida zao na mchague moja tu. Shida nzuri kwa darasa ina sifa tatu: inaonekana kwa macho, inawagusa wa chama hiki na wa chama kile sawasawa, na inaweza kupimwa. "Mfereji wa mtaa wa juu hautoi maji tangu mwezi wa Sha'bani" ni shida nzuri. "Maisha magumu" si shida ya darasa hili, ingawa ni kweli.

Onyo: usikubali shida iwe Muungano wenyewe, muundo wake au haki yake. Jambo hilo ni kubwa na lina mahali pake, lakini darasa likilianza halitarudi tena kwenye mfereji.

Utajua hatua imefanikiwa ukiwa na sentensi moja iliyoandikwa juu ya karatasi ya manila ambayo kila aliyepo anakubali kuwa ni ya kweli.

## Hatua ya pili: Kura tano za karatasi tupu

Mpe kila mshiriki vipande vitano vya karatasi. Juu ya kila kimoja kiandikwe cheo kimoja: Rais wa Jamhuri ya Muungano, Rais wa Zanzibar, Mbunge, Mwakilishi, Diwani. Mwambie aandike chini yake jambo moja ambalo angemdai mwenye cheo hicho. Majina ya watu yasiandikwe kabisa. Asiyeandika amnong'oneze jirani yake.

Zikusanye, zichanganye, uzisome kwa sauti bila kutaja ni za nani. Katika vikao nilivyoviendesha mimi, Mbunge na Mwakilishi huandikiwa maneno yale yale, na karatasi za Diwani nyingi hurudi tupu. Usiwacheke wala usiwasahihishe hapo hapo. Zibandike zote kwenye karatasi ya kwanza ya manila, kwa sababu mtazirudia kikao cha mwisho na watu watajipima wenyewe.

Baada ya hapo eleza tofauti moja tu, kwa maneno machache. Jimbo lenu ni moja kati ya majimbo 50 ya Zanzibar, na kutoka jimbo hilo hilo hutoka watu wawili: Mwakilishi anayekwenda Baraza la Wawakilishi, Chukwani, na Mbunge anayekwenda Bunge la Jamhuri ya Muungano, Dodoma. Waziri wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar anayesimamia maji huulizwa Chukwani. Hayumo Dodoma kama mjibu maswali ya maji, hata Mbunge wenu awe msemaji hodari kiasi gani. Wakati huo huo, Wajumbe watano wa Baraza la Wawakilishi huchaguliwa na wenzao kwenda pia Bungeni, jambo ambalo wengi hulisikia kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima.

Wakiuliza kwa nini siku ya uchaguzi huzisikia tume mbili, jibu ni fupi: Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar husimamia uchaguzi wa Rais wa Zanzibar, Wawakilishi na Madiwani, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi husimamia uchaguzi wa Rais wa Muungano na Wabunge. Ishia hapo. Elimu ya mpiga kura yenyewe, yaani namna ya kujiandikisha na kupiga kura, ipo katika dhamana ya Tume, na mwenye nia ya kuifundisha katika msimu wa uchaguzi aende Tume kwanza akapate kibali.

Alama ya mafanikio ni mtu kuuliza kwa hiari yake: "Kwa hivyo swali la mfereji wetu tulipeleke kwa Mwakilishi?" Akiuliza hivyo, funga kikao watu wakiwa bado na hamu.

## Hatua ya tatu: Pembe mbili za mkeka

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayokosewa kuliko zote, kwa hiyo ipe kikao kizima.

Andika kwenye vipande vya karatasi mambo haya, jambo moja kwa kila kipande: maji, umeme, skuli ya msingi, chuo kikuu, mtihani wa kidato cha nne, hospitali, ardhi, karafuu, Polisi, KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo), Jeshi la Wananchi, pasi ya kusafiria, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kitambulisho cha Taifa, Mahakama ya Kadhi, Mahakama ya Rufani, noti na sarafu, kodi ya mapato, bandari, utabiri wa hali ya hewa, mafuta na gesi, uandikishaji wa vyama vya siasa. Tandika mkeka. Pembe moja iwe ya Muungano, pembe nyengine ya Zanzibar, na katikati pawe mahali pa mashaka. Kila mshiriki achukue kipande, akiweke anapoona kinastahiki, na aseme sababu.

Waache wabishane kwa dakika ishirini. Kisha mpe mtu mmoja, na ikiwezekana awe kijana wa kike, asome Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Muungano jambo kwa jambo. Orodha hiyo ina mambo 22. Kipande kilichotajwa kihamishiwe pembe ya Muungano. Ambacho hakikutajwa kiende pembe ya Zanzibar. Sababu ya kumpa mshiriki asome badala ya kusoma wewe ni kwamba uamuzi utatoka katika maandishi, wala hakuna atakayesema umepindisha kwa ajili ya chama chako.

Vipande vifuatavyo ndivyo vitakavyowasumbua, na ni lazima uwe umevitayarisha.

Polisi na KMKM. Polisi ni jambo la Muungano, na ulinzi pia. Lakini KMKM, JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), Mafunzo (yaani magereza), Zimamoto na Valantia ni idara maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kwa mwananchi aliyesimama barabarani sare zote hufanana, ila malalamiko dhidi yao hayaendi mlango mmoja.

Skuli na mtihani. Elimu ya msingi na sekondari ni ya Zanzibar, elimu ya juu ni ya Muungano, na Baraza la Mitihani la Taifa ni la Muungano. Maana yake ni kwamba mwalimu akikosekana darasani lawama ni ya Zanzibar, na cheti cha kidato cha nne kikiwa na jina lililokosewa mambo huishia upande wa pili. Mzazi asiyejua hili hupoteza nauli nyingi.

Umeme. Haumo katika orodha, kwa hiyo ni wa Zanzibar, na Shirika la Umeme Zanzibar ndilo linalouza. Lakini umeme wenyewe huja kwa waya uliopita chini ya bahari, wa Pemba ukitokea Tanga, na hununuliwa kutoka TANESCO. Kwa hiyo taa zikizimika kisiwa kizima si lazima kosa liwe la ofisi ya Wete au Chake Chake. Hapa washiriki hujifunza kuuliza swali bora kuliko "nani mbaya", nalo ni "mkatiko umetokea sehemu gani ya njia".

Bandari. Imo katika orodha ya Mambo ya Muungano, lakini bandari za Malindi, Mkoani na Wete huendeshwa na Shirika la Bandari Zanzibar. Mafuta na gesi nayo yamo katika orodha, na hata hivyo sheria ya Muungano ya mwaka 2015 iliiachia Zanzibar isimamie shughuli hizo ndani ya eneo lake. Viweke vipande hivi katikati ya mkeka na uviache hapo. Ni vyema watu waone kwamba maandishi na utendaji havifanani kila mahali, kuliko kuwadanganya kuwa kila kitu kina pembe yake.

Vitambulisho viwili. Cha Mzanzibari Mkaazi hutolewa na wakala wa usajili wa Serikali ya Mapinduzi, cha Taifa hutolewa na mamlaka ya Muungano. Wanaokwenda ofisi isiyo yao hawakosi kila wiki.

Onyo kubwa la hatua hii ni redio. Serikali ya Muungano hushughulikia Mambo ya Muungano kwa nchi nzima, na pia hushughulikia mambo yasiyo ya Muungano kwa upande wa Tanzania Bara. Kwa hiyo mkulima wa Konde anaposikia Waziri wa Kilimo akiahidi mbolea ya ruzuku kutoka Dodoma, na asijue kwamba kilimo si jambo la Muungano, husubiri mbolea isiyomhusu, kisha humkasirikia sheha wake. Nimewaona watu wazima wenye akili timamu wakisubiri hivyo msimu mzima. Lieleze jambo hili taratibu na ulirudie mara mbili.

Umefanikiwa ikiwa washiriki wanaweza kusema, bila kutazama mkeka, shida yenu ipo pembe gani, na kwa ushahidi gani. Maji hayamo katika orodha ya mambo 22. Basi ni ya Zanzibar, na mtoaji huduma ni Mamlaka ya Maji Zanzibar.

## Hatua ya nne: Chora ngazi, kwa rangi mbili

Kwenye karatasi ya pili ya manila chora ngazi kutoka chini kwenda juu: shehia, wadi, jimbo, wilaya, mkoa, taifa. Zanzibar ina mikoa mitano na wilaya 11. Rangi ya kwanza iwe ya waliochaguliwa kwa kura, rangi ya pili iwe ya walioteuliwa.

Sheha, Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa wapate rangi ya walioteuliwa. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na Wakuu wa Mikoa na Wilaya huteuliwa na Rais wa Zanzibar. Wageni kutoka Bara hustaajabu hapa, kwa kuwa kwao mwenyekiti wa kijiji au mtaa hupigiwa kura. Diwani, Mwakilishi, Mbunge na Marais wapate rangi ya waliochaguliwa. Makamu wa Kwanza na wa Pili wa Rais wa Zanzibar huteuliwa: wa Pili hutoka katika chama cha Rais na ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali ndani ya Baraza la Wawakilishi, na wa Kwanza hutoka katika chama kilichoshika nafasi ya pili kwa masharti yaliyowekwa na Katiba tangu marekebisho ya mwaka 2010.

Sababu ya rangi mbili ni hii: aliyeteuliwa humdai kwa njia ya kazi yake na wakubwa wake, aliyechaguliwa humdai kwa njia ya kura na kwa maswali anayotakiwa kuyauliza. Mwananchi anayemtishia sheha kwa kura hupiga hewa. Na anayemwachia sheha kazi ya Mwakilishi humbebesha mtu asiye na bajeti mzigo wa bajeti.

Sheha akihudhuria kikao hiki, mwombe aeleze mwenyewe barua gani anaandika, migogoro gani anasuluhisha, na mambo gani hana uwezo nayo. Hujakosea kumpa heshima ya kuanza. Mwite Diwani pia ikiwezekana. Usafi wa soko, jaa la taka na njia ndogo za mtaa ni mambo ya baraza lake, na wengi wa wapiga kura wake hawajapata kumsikia akiyataja.

## Hatua ya tano: Ifuate shilingi

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Bajeti hujadiliwa Chukwani katika miezi ya mwisho kabla ya tarehe hiyo, na kila waziri husoma hotuba ya makadirio ya wizara yake. Itafuteni hotuba ya wizara inayosimamia maji, mtafute ndani yake jina la wilaya yenu, kisha jina la eneo lenu. Likiwemo, mnaulizia utekelezaji. Lisipokuwemo, mnaulizia kuingizwa. Haya ni maombi mawili tofauti kabisa, na barua inayoyachanganya hujibiwa kwa maneno matamu yasiyo na kitu.

Kwa hiyo barua ya kuingizwa katika bajeti iandikwe mapema, kati ya Novemba na Februari, wakati wizara bado zinapanga. Ikiandikwa Julai, imechelewa mwaka mzima.

Fedha zikishatumika, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali wa Zanzibar hukagua, na ripoti yake hufikishwa Baraza la Wawakilishi. Zanzibar ina mkaguzi wake mbali na yule wa Muungano. Usisome ripoti ya huyu ukidhani ni ya yule.

## Hatua ya sita: Andikeni barua yenye shida moja

Barua isizidi ukurasa mmoja. Itaje mahali, tarehe tatizo lilipoanza, idadi ya nyumba mlizozihesabu wenyewe, na ombi moja lenye muda. Mfano wa maneno:

"Sisi wakaazi wa mtaa wa juu tunaomba Mamlaka itujulishe kwa maandishi, ndani ya siku 21, sababu ya mfereji wa mtaa huu kutotoa maji, na tarehe inayotarajiwa ya kutengenezwa. Nyumba tulizozihesabu ni 43. Nakala ya barua hii tumempelekea Mheshimiwa Mwakilishi wa jimbo, Mheshimiwa Diwani wa wadi na Bwana Sheha."

Barua iende kwa mtoa huduma; wengine wapewe nakala. Wanaoianza kwa Rais hupoteza miezi, kwa kuwa barua hurudishwa chini ngazi kwa ngazi hadi pale pale ilipopaswa kuanzia. Mkipeleka, ombeni nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Bila muhuri huo hamna barua. Na mkiambiwa kwamba mambo hayo si ya kuuliza raia, someni kwa utulivu Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar kinachohusu haki ya kutoa maoni na kupewa taarifa. Palipo na ugumu wa kisheria, wasaidizi wa sheria wa wilaya na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar huwasikiliza wananchi.

Onyo: msitie ndani ya barua sifa wala lawama za chama. Nimeiona barua nzuri ya kituo cha afya ikiharibika kwa sentensi moja ya mwisho iliyoongezwa na mtu mmoja wakati wenzake wanakwenda kusali. Ofisi iliijibu sentensi hiyo tu.

## Hatua ya saba: Rudieni kura tano

Siku 21 zikipita, kutaneni, pawe na jibu au pasiwe. Jibu likiwepo, lisomwe na kuandikwa katika daftari. Lisipokuwepo, mwandikieni Mwakilishi mkimwomba aulize swali rasmi katika Baraza, na muambatanishe nakala yenye muhuri. Mwakilishi mwenye karatasi mkononi ana nguvu zaidi ya Mwakilishi aliyesimuliwa msibani.

Kisha gawa tena vipande vitano vitupu kama siku ya kwanza. Bandika vipya kando ya vile vya zamani na uwaachie watu wavitazame bila maelezo. Tazama hasa karatasi za Diwani: kama zimeandikwa, na kilichoandikwa ni cha baraza lake, darasa limefanya kazi yake. Kama Mbunge bado anadaiwa mfereji, rudieni mkeka kabla ya kwenda mbele.

Ngazi ya rangi mbili ibandikwe ukutani mahali ambapo mvua haifiki, na mwalimu achukue nakala yake skulini kwake, aitumie kwa Kiswahili kabla ya kufungua kitabu cha Kiingereza. Daftari likae kwa mshiriki mmoja wa kike na mmoja wa kiume kwa zamu ya miezi mitatu mitatu, na ukurasa wa kwanza wa kikao kijacho uandikwe leo leo: siku, mahali, na ile shida ya pili mtakayoifuata.